Waya Iliyotaka Hewa

Siku niliyostaafu, vijana wa karakana yetu ya Ruiru walininunulia keki, wakaniomba nitoe hotuba. Nilisema asanteni, nikaketi, maana soda ilikuwa inapata joto na mimi si mtu wa maikrofoni. Tangu hapo wamekuwa wakilalamika kwamba niliondoka na maneno yao. Haya basi, maneno yenu nimeyaleta. Sitaeleza nilianza na mshahara gani wala nilipandaje cheo, kwa sababu fundi wa umeme wa magari hapandi popote, kazi yake ni kuinama. Nitaeleza nilivyoingia kazini, aliyenifunza, na gari moja kuukuu ambalo lilikaribia kutuaibisha sisi sote.

Nilianzia Thika, katika uwanja wa mafundi upande wa Majengo. Mama yangu aliuza chai na mandazi langoni, nami nilikuwa nimemaliza shule, sina pa kwenda, nikawa nabeba vikombe. Mafundi wote walijua jina langu, Njeri, kwa sababu waliliita kila waliposikia njaa. Siku moja nilimkuta Mzee Athumani akihangaika kupitisha waya nyuma ya dashibodi ya lori la mananasi. Tundu lilikuwa dogo na mkono wake ulikuwa mnene. Niliweka sinia chini, nikaingiza mkono wangu, nikaitoa ile waya upande wa pili. Mzee aliniangalia, akauangalia ule mkono, kisha akaenda kumuuliza mama kama anaweza kupata mtu mwingine wa kubeba vikombe.

Wakati huo hapakuwa na mwanamke mwingine aliyeshika spana katika uwanja ule. Wengine walisema nitakimbia siku ya kwanza kucha zangu zikiingia grisi. Mzee alisema waya haiulizi imeshikwa na nani, na hapo mjadala ukaisha, maana uwanja ule neno lake lilikuwa sheria. Alikuwa mzaliwa wa Majengo, baba yake pia alizaliwa hapo, na Kiswahili chake kilinyooka kiasi kwamba sisi Wakikuyu tukifungua mdomo alikunja uso kama aliyeuma pilipili. Kila Ijumaa alikuja na kanzu nyeupe, akafanya kazi hadi saa ya kwenda msikitini, na ile kanzu ikatoka bila doa. Mimi nilivaa ovaroli nzima na bado nilirudi nyumbani na oili masikioni.

Jambo la kwanza alilonifunza ni karai. Ninyi mmekuta vifaa vya kisasa, kwa hivyo mnisikilize. Katika uwanja wa Mzee, kila kiungo cha waya kilitiwa risasi iliyoyeyushwa kwa chuma kilichochomwa kwenye jiko la makaa. Risasi ikipoa, unapaka nta ya mshumaa, kisha unazungusha tepu ya kijani mpaka iwe laini kama kidole. Halafu kile kiungo kinatumbukizwa kwenye karai la maji mbele ya kila mtu. Kikitoa povu hata moja, unakata na kuanza upya. Mzee alituambia kwamba hewa ikipata njia, maji nayo yatapata njia. Wiki zangu za mwanzo sikugusa gari. Nilifunga viungo vya waya za kutupwa, nikavizamisha, nikaviona vikitoa povu, nikavikata. Nilichukia lile karai kuliko mtihani wowote wa shule.

Lakini kazi ilikuwa na sababu yake. Magari mengi yaliyokuja kwetu yalifanya kazi kwenye mashamba, mengine yalitoka Mwiki enzi zile mvua ikinyesha barabara inageuka mto. Waya iliyosokotwa tu kwa mkono ilioza kabla ya msimu kuisha. Yetu haikuoza. Watu walikuja kutoka mbali, na mafundi wa kwingine wakifungua boneti na kuona tepu ya kijani walifunga tena, wakatafuta ubaya mahali pengine. Kuna fundi mmoja, Kariuki, alisokota waya bila kutia risasi akidhani Mzee yuko msikitini. Alifukuzwa siku hiyo hiyo. Alifungua kibanda chake ng'ambo ya barabara na kusema kweli alifanya vizuri sana, lakini hakuwahi kurudi kutuomba nta.

Sheria nyingine ilihusu sindano. Ukitaka kujua kama umeme unapita, unaidunga waya kwa sindano ya kushonea magunia mpaka iguse shaba ndani, kisha unashika mita kwenye sindano. Ukimaliza, lile tundu lazima ulizibe kwa nta na tepu kabla hujainuka. Mzee alikuwa akipita nyuma yetu akitafuta matundu. Akipata moja hakusema kitu, alikuita tu kwa jina na kukuonyesha kwa kidole, na wewe ulitamani ardhi ipasuke. Mpaka leo siwezi kuona tundu kwenye waya nikapita.

Baadaye yakaja magari ya kompyuta. Yale ya kabureta yalipungua, na wateja wakaanza kuja wakisema taa ya injini imewaka, kana kwamba taa ndiyo ugonjwa. Mzee hakuyaogopa. Alisema ni waya tu, ila zimekuwa nyingi. Tulijifunza kuunganisha matundu mawili ya soketi ya kupimia kwa kipande cha waya, halafu kuhesabu taa ya injini inavyokonyeza. Ikikonyeza mara mbili, ikapumzika, ikakonyeza mara moja, mashtaka ni ya sensa ya oksijeni. Sisi tuliiita pua. Hukaa kwenye bomba la moshi, hunusa moshi, kisha hupeleka habari kwenye kompyuta kwa umeme mdogo sana, haufiki hata volti moja. Kompyuta ikisikia petroli imezidi, inapunguza. Ikisikia imepungua, inaongeza. Pua ikidanganya, injini nzima inaishi kwa uongo.

Hapo ndipo anapoingia Sista Akoth. Alikuwa mkunga, mwenyeji wa upande wa ziwa, aliyekuwa na zahanati ndogo Mwiki. Alikuwa na stesheni wagoni kuukuu ya rangi ya maziwa, kiti cha nyuma amekilaza na kutandika godoro, na kwa gari hilo aliwapeleka hospitali kubwa ya Thika akina mama ambao uzazi wao ulimzidi. Kwa watu wengi wa mtaa ule hilo ndilo lilikuwa gari la wagonjwa. Sasa likaanza kukabwa. Asubuhi liko sawa kabisa. Likishapata moto na kwenda mwendo mrefu, karibu na Juja hivi, taa ya injini inawaka, moshi mweusi unatoka nyuma, nguvu zinaisha, na mwishowe plagi zinaloa petroli na gari linazimika. Likipoa, linawaka kana kwamba halikufanya kitu.

Tulilibadilisha pua. Likaenda vizuri kidogo, likarudi. Tukaweka pua nyingine, likarudi tena. Mara ya tatu Sista alinunua pua mpya kabisa iliyotoka kwenye boksi, na Mzee mwenyewe akaifunga kwa mkono wake, kwa risasi, nta na tepu ya kijani, ikapita karai bila povu hata moja. Nayo ikafa. Mafundi wakaanza kuangalia pembeni Sista akiingia langoni. Mmoja alishauri kompyuta ibadilishwe, mwingine akashauri gari libadilishwe.

Sista hakuwa mtu wa kulia. Alisimama katikati ya uwanja, begi lake la kazi begani, akatueleza kwamba ana mama mmoja Mwiki, Nduta, anabeba mapacha, na wamekaa vibaya. Alikuwa amemwahidi kumpeleka Thika mwenyewe uchungu ukianza. Akasema gari likizima tena atalipeleka kwa wanunuzi wa vyuma, na akina mama atawaambia wajitafutie njia.

"Mapacha hawangoji fundi," alisema. "Niambieni tu ukweli. Hii gari mnaiweza au hamuiwezi?"

Mzee alikuwa akifuta mita yake kwa kitambaa, anaifuta na kuifuta. Nilisikia mdomo wangu ukisema tunaiweza. Sijui nilitoa wapi ujasiri huo, ila nilikuwa nimechoka kumwona Mzee akifuta kitu kisicho na vumbi.

Nilichofanya ni kile ambacho tungepaswa kufanya tangu mwanzo, nanyi mkikumbuka kitu kimoja katika haya yote mkumbuke hiki: ugonjwa unaotokea barabarani usiutafute kwenye uwanja. Sisi tulikuwa tunapima gari likiwa limepoa likingoja zamu yake. Nilipitisha waya mbili ndefu kutoka kwenye kompyuta hadi kwenye kiti cha mbele, nikaziunganisha na mita, nikaketi nayo mapajani, na Sista akaendesha kuelekea Ruiru. Mwanzoni mshale wa mita ulikuwa ukicheza juu chini, juu chini, kama inavyotakiwa. Tulipokaribia Juja ulianza kuchoka. Ukawa unapanda nusu, kisha robo, kisha ukalala chini kabisa. Taa ikawaka, moshi ukaanza. Kompyuta ilidhani injini ina njaa, ikawa inazidi kuimwagia petroli, na injini ikawa inasongwa na chakula.

Tulisimama kando ya barabara, injini ikiendelea kunguruma. Nilifungua boneti, nikataka kujua kama habari inapotelea kwenye kiungo chetu au inakufa huko huko kwenye pua. Nikaidunga waya kwa sindano katikati ya pua na kiungo, nikashika mita. Kidogo kidogo mshale ukaanza kuamka. Nikasubiri. Ukacheza kama mwanzo. Nikapima upande wa pili wa kiungo, ukacheza vile vile. Kwa hivyo kiungo cha Mzee kilikuwa kinapitisha umeme vizuri, na pua ilikuwa hai. Hakuna kilichoharibika. Nilisimama pale magari yakinipita, nikiwa na gari bovu ambalo kila kitu chake ni kizima.

Tulifika Mwiki bila shida. Nje ya zahanati, kabla sijainuka, nilifanya nilivyofunzwa: nikaziba tundu langu kwa nta na tepu. Kesho yake Sista akapiga simu kwamba limezimika tena, mahali pale pale. Nilimfuata, nikadunga, likapona. Nikaziba, likafa kwa safari iliyofuata. Nilianza kufikiri sindano yangu ina dawa. Mafundi kule Thika walianza kuniita Daktari Njeri, wakiniuliza kama ninadunga pia malaria.

Siku ya jibu, tulikuwa kwenye lango la zahanati. Sista alikuwa ameniletea chai, amesimama juu yangu akiniangalia nikipasha nta kwa kiberiti ili nizibe tundu lile kwa mara nyingine. Aliniuliza ninafanya nini, nikamweleza kwamba kwetu tundu haliachwi wazi. Akacheka kidogo.

"Wewe Njeri, kila ukimdunga anapona. Kila ukimfunga anakufa. Sasa unamfunga ya nini?" Akanywa chai yake. "Mimi nikiona hivyo kazini, nasema mtoto amebanwa na kamba ya kitovu. Huyu anapumua kwa hiyo waya."

Aliyasema kwa utani. Mimi kiberiti kilinichoma kidole.

Kwa maana pua hii, nilijua, hulinganisha moshi na kitu. Ili useme moshi una hewa kidogo, lazima uwe na hewa nzuri ya kulinganisha nayo. Sikuwa nimewahi kujiuliza hiyo hewa nzuri inapitia wapi. Ukiifikiria, njia ni moja tu: ndani ya waya, katikati ya zile nyuzi nyembamba za shaba, chini ya plastiki yake. Na sisi tulichukua waya hiyo, tukaijaza risasi kati ya kila uzi, tukapaka nta, tukafunga tepu, tukaizamisha kwenye maji na kupongezana kwamba haitoi povu. Gari likianza safari lilitumia ile hewa kidogo iliyobaki ndani, na likifika Juja hewa imeisha. Tulikuwa tumelinyonga kwa ustadi.

Niliacha tundu wazi, nikamwambia Sista aendeshe hivyo hivyo. Mimi nikashuka Juja kumwona mwalimu mmoja wa chuo, mteja wetu wa miaka mingi, mtu mpole aliyependa kuulizwa maswali. Nilimweleza, akafurahi hadi akasahau chakula chake cha mchana. Alinithibitishia kwamba ndivyo watengenezaji walivyoikusudia, na kwamba waya kama hiyo haitiwi risasi, bali inabanwa kwa kipande cha shaba ili nyuzi zibaki na nafasi. Nilimshukuru sana. Hata hivyo niliondoka nikiwa nimevimba kichwa kidogo, maana nilikuwa nimefika mlangoni kwake na jibu tayari mkononi.

Kilichobaki kilikuwa kigumu kuliko gari. Tundu la sindano lisingekaa hivyo, mvua ingeingia na kuiozesha waya. Ilihitaji kiungo halali, kisicho na risasi, nta wala tepu, yaani kile kile kilichomfukuzisha Kariuki. Na nilitakiwa kumwambia Mzee, aliyenitoa kwenye sinia la chai, kwamba kiungo chake bora kuliko vyote ndicho kilichokuwa kikimzimia Sista gari. Nilizunguka uwanja mzima nikitafuta spana ambayo sikuihitaji. Mwishowe nikaenda nikamweleza yote, polepole, nikiangalia viatu vyake.

Mzee alinisikiliza mpaka mwisho. "Unasema kiungo nilichokifunga mimi ni kibaya," alisema.

"Nasema kimefungwa vizuri kupita kiasi, Mzee."

Mzee akasema nikifunge ninavyotaka, lakini kwa jina langu. Tepu yake ya kijani nisiiguse. Nilielewa maana yake: gari likizima na Nduta ndani, lawama ni ya Njeri, na uwanja wake hauhusiki. Moyo uliniuma, sitawaficha. Nilikuwa nimemtegemea aseme tufanye pamoja.

Nilikata viungo vyote vya zamani vya waya za pua. Nilibana kila waya kwa kipande cha shaba na koleo, moja moja, nikivuta kwa nguvu kuhakikisha haichomoki. Nikazivisha mpira uliolegea, ulio wazi upande wa chini, ili maji yakiingia yatoke, kisha nikazifunga juu kabisa karibu na ukuta wa injini ambako matope hayafiki. Nilipotaka kufunga boneti, Mzee aliita kutoka kibandani kwake kwamba sheria ya karai haijafutwa. Kazi ikabidi niifungue tena. Mafundi walikuja wote, hata Kariuki alivuka barabara. Nilishusha viungo vyangu majini, na povu zikapanda kama sufuria ya uji. Walicheka sana, mmoja akashika tumbo.

"Hiyo ndiyo hewa ambayo pua inaitaka," nilisema.

Mzee hakucheka. Aliangalia zile povu mpaka zikaisha. Akaniambia nizikaushe vizuri na kurudisha kila kitu, na kwamba tukienda kujaribu, mita ataishika yeye.

Ilikuwa Ijumaa, alikuwa na kanzu yake. Aliketi mbele, mita mapajani, Sista kwenye usukani, mimi nyuma juu ya godoro la akina mama nikishikilia kiti. Sikuweza kuona mshale kutoka nyuma, niliweza kuona shingo ya Mzee tu, nikawa naisoma hiyo. Tulipita Juja. Tulipita Ruiru. Tuliingia Mwiki, tukageuza, tukapita Juja kwa mara ya pili, na taa ya injini ikabaki gizani. Karibu na mjini Thika nilimsikia akimwambia Sista kwamba gari lake lina pumzi nzuri. Nilifuta macho kwa mkono wa ovaroli, nikajipaka grisi usoni, na ndivyo nilivyoshuka mbele ya watu.

Mzee aliwaita mafundi wote. Alisimama kando ya karai na kulisukuma kidogo kwa kiatu. Akasema kuanzia siku hiyo, kila waya iendelee kutiwa risasi na kuzamishwa kama kawaida, isipokuwa ya pua.

"Hiyo fungeni kama Njeri," alisema. "Atakayetia risasi atamfuata Kariuki."

Kariuki alikuwa amesimama pale pale, akasema nafasi kwake zipo. Kisha Mzee akanipa roli mpya ya tepu ya kijani, ambayo kwa kazi ile sikuihitaji hata kidogo. Ninayo mpaka leo, haijafunguliwa.

Nduta alishikwa na uchungu alfajiri moja ya mvua. Sista alimlaza kwenye godoro, akaendesha moja kwa moja hadi Thika, na gari halikukohoa. Alinipigia simu saa ya chai kunieleza kwamba mama yuko salama na watoto wote wawili wamelia kwa sauti. Walikuwa wasichana. Hakuna aliyepewa jina langu, ingawa nilingoja kwa muda. Sista aliendelea kulitumia gari lile mpaka sakafu yake ikatoboka, na lilipokufa, lilikufa kwa kutu.

Mengine mnayajua. Mzee alipozeeka macho nilikuwa nikimpa viungo avipime kwa vidole, na alipotutoka tulimzika kabla ya jua kuzama kama ilivyo desturi yao, na mafundi wa Thika wote walifunga vibanda. Mimi nilihamia Ruiru, tukaanzisha karakana, wengi wenu mkapita mikononi mwangu, mkanichukia kwa ajili ya karai kama nilivyolichukia. Waliosomea kwangu walienda kufungua zao, na wanafunzi wao wakafungua nyingine ambazo sizijui. Sikuwa nafikiri sana habari hizo.

Mwezi uliopita pikapu yangu iliwasha taa ya injini. Mgongo wangu hauingii tena chini ya gari, na ninyi mlikuwa na foleni, kwa hivyo nilisimama kwenye karakana mpya karibu na barabara, mahali nisipojulikana. Fundi alikuwa msichana. Ovaroli yake ilikuwa kubwa kuliko yeye, kucha zimejaa grisi, na mkono wake ni mwembamba, unaingia popote. Aliniambia pua imekufa, na nilipoangalia nikaona amesema kweli. Akaleta mpya, akatoa koleo na vipande vya shaba. Sikuweza kujizuia. Nikamwambia kwamba mimi nilidhani waya hutiwa risasi ili isiingie maji.

"Zii, mathe," alikataa, bila kuinua kichwa. "Waya zingine, sawa. Hii ukiichoma inakosa hewa, inadedi. Hapa tunapiga Njeri."

Nikamuuliza Njeri ni nani.

"Si mtu, mathe. Ni joint, kiungo cha waya. Ndivyo inaitwa tu, tangu kitambo."

Nilisimama kando yake nikimwangalia akibana waya moja moja, akivuta kila moja kuhakikisha haichomoki, kisha akizivisha mpira ulio wazi upande wa chini na kuzifunga juu karibu na ukuta wa injini. Hakukosea hata mahali pamoja. Nilitaka kumwambia. Maneno yalifika mdomoni, nikaona yangeharibu kitu, maana wakati huo alikuwa akinieleza, kwa upole kabisa, kwa nini waya ile lazima ipumue.

Alipomaliza alifuta mikono, akatoa simu anipe namba yake ikiwa gari litasumbua, akaniuliza anisevu kwa jina gani. Nikamwambia aandike Mama Kimani, kwa jina la mwanangu. Niliendesha hadi nyumbani polepole, vioo vimeshushwa, nikicheka peke yangu njia nzima.